Sadaka Husitiriwa, Nasi Kazi Yetu Kutangaza

Hotuba kwa wanafunzi wa mwaka wa pili wanaojitayarisha kwenda fildi (mafunzo ya kazini), Tunguu, Unguja

Assalaam aleykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mkuu wa Idara, walimu wangu, na nyinyi wadogo zangu wa mwaka wa pili. Najua mmekaa hapa na barua za fildi mikobani, na wengine mpaka sasa hamjui mtapokelewa wapi. Mwalimu ameniomba nikuelezeni fildi yangu ilivyokuwa, akanionya nisije nikakusomeeni ripoti. Ripoti imo maktaba. Anayeitaka ataikuta, na vumbi lake.

Mimi nilikwenda Pemba, kwetu, katika jumuiya ya hisani iliyopo Chake Chake. Jina lake silitaji kwa sababu hawakunituma niwasemee, na mengi nitakayoyasema hapa yanahusu familia za watu. Wengi wenu nasikia mnagombania mahoteli na makampuni ya simu. Nendeni, kuna posho na kiyoyozi. Lakini mwenye kwenda kwenye jumuiya ya kusaidia watu ajue atakutana na jambo ambalo darasani tulilipita juu juu. Sisi hapa tumelelewa kwamba sadaka husitiriwa, mkono wa kulia ukitoa wa kushoto usijue. Shida ya mtu nayo husitiriwa, tena zaidi. Halafu tumekuja chuoni kusomea uhusiano wa umma, yaani kutangaza. Sasa unapewa kamera na ukurasa wa Facebook wa jumuiya, unaambiwa utangaze waliotoa, waliopewa, na shida yenyewe. Unaanzia wapi?

Hilo ndilo nililokuja kulizungumza. Mengine ya fildi, kujaza daftari la kila siku, kumngoja msimamizi wa chuo aje kukukagua, kupeleka barua kwa miguu ofisi ya Afisa Mdhamini, anayesimamia wizara kwa upande wa Pemba, na kurudishwa kwa sababu haina mhuri, hayo mtayaona wenyewe.

Kwanza nieleze jumuiya inafanya nini, maana bila ya hivyo habari ya picha nitakayoisimulia haitaeleweka. Inawasaidia watoto waliozaliwa na vichwa vikubwa au mgongo wazi. Kichwa kikubwa kinatokana na maji ya ubongo kukosa njia yakajikusanya ndani, na kwa kuwa mifupa ya kichwa cha mtoto mchanga bado haijashikana, kichwa hutanuka. Mgongo wazi unatokea mapema mno, ndani ya siku 28 za mwanzo tangu mimba kutunga, pale ambapo mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hutakiwa ujifunge. Siku hizo mama wengi hawajui hata kama wana mimba. Ndiyo maana madaktari wanasisitiza mwanamke atumie asidi ya foliki, mikrogramu 400 kila siku, kabla hajashika mimba, si baada ya kuanza kliniki. Haikingi yote lakini inapunguza sana. Na kichwa kikubwa kina tiba: daktari hupitisha mrija mwembamba chini ya ngozi kutoka kichwani mpaka tumboni, maji yakateremka na mwili ukayanyonya.

Upasuaji huo unafanyika Mnazi Mmoja, huku Unguja. Kwa mama wa Micheweni hiyo ni gari mpaka Mkoani, meli, pa kufikia mjini, chakula cha anayemuuguza, watoto wengine waliobaki nyumbani, na baba aliyekwishaambiwa na jirani kwamba mtoto kachezewa na shetani, ampeleke kwa mganga kwanza. Huku wanashauriana, kichwa kinazidi na ubongo unabanwa. Jumuiya inalipa nauli, inatafuta pa kulala, na inamfuatilia mtoto akirudi. Mzazi akichelewa kusikia, mtoto ndiye anayelipa. Basi mtu wa uhusiano pale hakai kupamba jina la taasisi. Anahangaika mzazi asikie mapema, afahamu, na awaamini wanaomwambia.

Msimamizi wangu ofisini alikuwa dada mmoja ambaye ndiye afisa uhusiano, ndiye mpiga picha, na mwisho wa mwezi ndiye anayekaa na mshika fedha kuhesabu risiti za nauli. Nitamwita Dada tu.

Sasa picha. Nilipokuwa pale alikuja mgeni kutoka shirika moja la Ulaya linalochangia nauli za wagonjwa. Mtu mpole, alivua viatu mlangoni bila ya kuambiwa. Tulikwenda naye kijiji kimoja upande wa Wete, tukaanza kwa sheha kama ilivyo ada. Pemba huingii shehia ya watu na kamera kabla sheha hajakujua, na nakuombeni msilione hilo kuwa ni urasimu. Mkishaondoka, sheha ndiye atakayeulizwa jioni msikitini wale walikuwa nani na walitaka nini. Sheha akatupeleka kwenye nyumba yenye mtoto wa miezi saba. Mama yake alikuwa amekaa kwenye mkeka barazani, mtoto kamlaza mapajani, kichwa kimeshakuwa kizito hata shingo haikimudu. Mgeni akatoa kamera. Alitaka ampige kwa karibu, mtoto peke yake, uso na kichwa, kwa sababu, alivyotueleza, kule kwao watu wakiona picha kama ile wanatoa pesa siku hiyo hiyo.

Bibi wa mtoto alikuwa pembeni anachambua karafuu. Hakugomba. Aliuliza tu:

"Mwanangu, picha hiyo inakwenda kukaa wapi?"

Nikamtafsiria mgeni. Akajibu kwamba itakaa kwenye mtandao, kwenye kalenda, na kwenye barua za kuomba michango. Bibi akachambua kidogo, halafu akauliza tena:

"Na akishapona, wataitoa?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Bibi akainuka, akavuta upindo wa kanga ya mwanawe akamfunika mjukuu wake kichwa, akarudi kwenye karafuu zake.

Dada hakumlaumu mgeni wala hakumbembeleza bibi. Alimwita muuguzi wa kituo cha afya tuliyefuatana naye akamwambia, haya mpime. Muuguzi akatoa futi, ile ya mafundi cherehani, akaizungusha kichwani kwa mtoto na mama akashika ncha moja. Ndipo Dada akamwomba mama ruhusa apige mikono tu. Mama akamtazama bibi, bibi akasema, "Mikono haina neno." Picha iliyotoka ni hiyo: mikono ya wanawake wawili, mmoja una piko iliyoanza kufifia, futi, na ukingo wa kanga. Uso wa mtoto haumo. Chini yake tuliandika kwamba mtoto anapozaliwa kichwa chake hupimwa, kwa wastani ni kama sentimita 35, na kikianza kukua mbio kuliko kawaida basi aletwe kituoni siku hiyo hiyo, isingojewe arobaini.

Maneno ya arobaini yaliongezwa na muuguzi. Mimi nisingeyafikiria. Alisema mama wengi wanaona kichwa kimebadilika mtoto akiwa na wiki mbili tatu, lakini mzazi hatoki nje, na waliomzunguka wanasema ngoja siku ziishe. Picha ilipobandikwa vituoni na kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp, wapo waliokuja wakauliza, "Ndio hapa mnapopima vichwa kwa futi?" Walikuja na jambo la kufanya. Ile picha ya uso ingewafanya waseme maskini, subhanallah, kisha wapitishe kidole waone picha inayofuata.

Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 inamhesabu mtoto kuwa ni aliye chini ya umri wa miaka 18. Mtoto wa miezi saba hawezi kuridhia chochote. Anayetia saini fomu ya ridhaa ni mzazi, tena mzazi aliyekuwa na dhiki, anayemwogopa anayemlipia nauli asije akaghadhibika. Saini ya namna hiyo mimi siiamini sana. Na mtoto huyo, akifanyiwa upasuaji mapema, inshallah atakwenda skuli. Atakuwa na miaka 14, wenzake wana simu, na jina la kijiji chake limeandikwa chini ya picha. Bibi yule aliyaona hayo barazani pake, bila ya kusomeshwa na mtu.

Msidhani haya ni mambo yetu sisi tu wa visiwani. Wenzetu waliyafikia kwa njia ndefu. Oktoba 1984 BBC ilirusha ripoti ya Michael Buerk kuhusu njaa ya Ethiopia, na Julai 1985 ikafanyika tamasha la Live Aid, London na Philadelphia kwa siku moja. Pesa nyingi zilichangwa na watu walipata chakula, hilo halikatai mtu. Lakini picha zikabaki. Mtoto aliyekonda, nzi usoni, hana jina wala mama, akawa ndiye Afrika kwa watu ambao hawajawahi kufika Afrika. Malalamiko yalipozidi, mwaka 1989 mashirika ya hisani ya Ulaya yakakubaliana kanuni kuhusu picha na ujumbe wanaoutoa juu ya nchi zetu. Mwaka 1994 zikaja Kanuni za Maadili za Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu, na kifungu cha kumi kinazungumza na sisi watu wa uhusiano moja kwa moja: katika habari na matangazo, waliofikwa na maafa waonyeshwe kuwa ni watu wenye heshima yao, wasifanywe vitu visivyo na matumaini. Dada alikuwa nacho kifungu hicho ukutani, kimeandikwa kwa mkono, juu ya kompyuta. Mgeni alipokiona aliomba radhi mwenyewe. Kanuni za kwao alikuwa anazijua. Tabu ni kwamba alikuja na orodha ya picha aliyopewa na ofisi yake.

Hayo ni ya wanaopewa. Wanaotoa nao wana mambo yao.

Kampuni moja, msiniulize ipi, ilileta magodoro kwa ajili ya nyumba wanayofikia wagonjwa. Kabla ya godoro hata moja kushushwa, lilishushwa bango. Likaja na hundi ya mfano, kubwa, ilishikwa na watu wanne kama wanaobeba mlango. Wazazi wakatakiwa wapange mstari, wapokee mmoja mmoja huku wanatazama kamera, na aliyefumba macho arudie kupokea. Kuna mama alipokea godoro lake mara tatu. Magodoro watu wameyalalia, sadaka imefika, Mungu awalipe. Lakini siku ile nilijiuliza ni nani hasa aliyesaidiwa na kazi yetu ya uhusiano, maana picha za kampuni zilitoka zote, na anayetaka kujua mtoto wake apelekwe wapi hakupata hata namba ya simu.

Upande wa pili kulikuwa na mfanyabiashara wa hapo hapo Chake ambaye kila Ramadhani huleta fedha kwa mkono wake, baada ya tarawehe, na hataki hata risiti iwe na jina. Huyu naye alikuwa na usumbufu wake. Jumuiya zetu zimesajiliwa kisheria na hutakiwa kutoa hesabu, fedha isiyo na mwenyewe ndani ya vitabu inatia shaka, na mkaguzi hakubali kuambiwa "katoa mtu mwema." Ilibidi mzee mmoja wa bodi, mwalimu wa madrasa kwa miaka mingi, aende akae naye. Walikubaliana jina liwemo kwenye vitabu ambavyo mkaguzi anaviona, na kwenye ukurasa wetu litajwe jumla ya fedha na zilivyotumika, bila ya jina.

Nilimwuliza yule mzee kama kazi ninayoisomea si ya kuharibu thawabu za watu. Akacheka. Akanisomea Sura ya Al-Baqara, aya ya 271, kwamba mkizidhihirisha sadaka ni vizuri, na mkizificha mkawapa mafakiri ni bora zaidi kwenu. Kisha akarudi nyuma kwenye aya ya 264, inayokataza kuziharibu sadaka kwa masimango na udhia. Akasema, kutangaza kwako hakuna makosa, mwanangu, tena huenda mwingine akaiga akatoa. Wewe chunga masimango. Kuanzia siku hiyo, kila tulipotaka kuweka kitu kwenye ukurasa, Dada na mimi tulikuwa tukiulizana: huyu mama akikutana na picha hii harusini, mbele ya wakwe zake, ataona kasimangwa? Kama mmoja wetu alisita, picha haikwenda. Ni kipimo kidogo, hakimo kwenye vitini vyetu, lakini kilitutoa kwenye mabishano mengi.

Nije kwenye tangazo. Ofisi kuu ya Unguja ilituletea maandishi ya kusomwa kwenye gari la matangazo: "Jumuiya inawatangazia wananchi wote kwamba itaendesha zoezi la utambuzi wa awali wa watoto wenye changamoto za kimaumbile." Tulimpelekea mzee mwenye gari na kipaza sauti, ambaye Chake nzima inamjua kwa sauti, anatangaza mazishi, mechi za Gombani, hata mbuzi aliyepotea. Aliyasoma mpaka mwisho, akavua miwani.

"Mwanangu, mimi nitapita Tumbe, mtu yuko mnadani anagombania samaki. Ana pumzi moja tu ya kunisikiliza."

Akageuza karatasi akaandika nyuma kwa penseli: Mama, baba! Una mtoto kichwa chake kinakua mbio? Ana uvimbe mgongoni tangu kuzaliwa? Jumamosi mlete kituo cha afya. Hulipi kitu. Hulipi kitu! Na nauli utarejeshewa.

"Hulipi kitu" kaiandika mara mbili makusudi, kwa sababu, alisema, mara ya kwanza hawaamini. Nataka mwone pia alivyoacha kutumia neno ulemavu, wala wagonjwa, wala waathirika. Kamwita mama na kamwita baba, kataja kitu wanachokiona kwa macho yao. Baba hasa; kwa sababu ndiye anayeruhusu safari, na matangazo yetu mengi yanazungumza na mama peke yake kama kwamba ana nauli mfukoni. Mimi baada ya hapo niliandika matangazo ya misikitini na ya redio ya jamii ya Micheweni kwa mtindo wa yule mzee, na nawaambieni mbele ya walimu wangu kwamba ndilo somo bora la uandishi nililolipata. (Kicheko.) Walimu mtanisamehe.

Redio ilitupa kitu kingine, watu kupiga simu. Mmesomeshwa mifano minne ya uhusiano wa umma ya Grunig na Hunt ya mwaka 1984, na kwenye mtihani mtaandika kwamba ule wa njia mbili ulio sawa, ambao taasisi na watu husikilizana, ndio bora, mpate alama zenu. Micheweni niliuona ukipiga simu. Baba mmoja alimwuliza daktari hewani: huo mrija, mtoto akicheza mpira hautachomoka? Mwingine: akifa maiti yake inazikwa na mrija? Haya ni masuali ambayo hakuna kipeperushi chetu hata kimoja kilichoyajibu, na ndiyo yaliyokuwa yanawaweka watu nyumbani. Tulivichapa vipeperushi upya. Ikiwa mtapata redio na gazeti kwa bajeti ya kimoja, mimi ningechukua redio, ingawa wafadhili wanapenda sana kukata gazeti wakalitia kwenye ripoti.

Masuali yale yalitufikisha pia kwenye uvumi. Kisiwa chetu si kigeni na uvumi. Wazazi wenu wa Pemba waulizeni mwaka 1995, watu walivyolala nje kwa makundi kwa hofu ya popobawa, shetani aliyesemekana kuwavamia watu usiku. Safari hii maneno yalikuwa kwamba watoto wanapelekwa Unguja kutolewa maji ya ubongo yakauzwe. Yalianza kijiji kimoja, wiki ile ile wazazi wakaacha kuja. Ofisi kuu ikataka itoke taarifa kwa vyombo vya habari, yenye nembo na mhuri, ikanushe. Dada akapinga kwa simu karibu saa nzima, nami namsikia mlango wa pili. Hoja yake ilikuwa kwamba vijiji ambavyo havijausikia uvumi tutakuwa ndio sisi tuliovipelekea.

Kuna mama ambaye mtoto wake aliwekewa mrija akiwa mchanga na sasa ni kijana wa miaka minne anayekimbiza kuku. Mama huyu hakuombwa. Alisikia maneno, akaja ofisini mwenyewe, akasema nipelekeni. Siku ya kliniki alikaa ukumbini na wanawake wenzake, akamwita mwanawe, akazisogeza nywele nyuma ya sikio. Akamshika mkono mama aliyekaa karibu naye akamwekea vidole pale ambapo mrija unaonekana chini ya ngozi.

"Shika. Unausikia? Maji yake yumo nayo mwilini mwake mwenyewe, hajauziwa mtu."

Wakashika mmoja baada ya mmoja. Mtoto alivumilia kwa biskuti. Baada ya wiki hiyo watu walianza kurudi, kidogo kidogo, na taarifa yenye mhuri haikutoka kabisa.

Mtaniuliza, na pale sitara iko wapi, si mtoto kaonyeshwa mbele ya watu? Nimelifikiri sana hilo. Naona tofauti ni nani aliyefunua. Mama yule alichagua siku, akachagua watu, hapakuwa na kamera, na alipotosheka akamwambia mwanawe haya nenda kacheze. Mgeni wetu alitaka kufunua cha mtu mwingine na kuondoka nacho. Sisi tunaosomea kazi hii tumezoea kuhesabu aliyefikiwa na ujumbe. Tuhesabu pia aliyetolewa nje ili ujumbe ufike, na kama mlango aliufungua yeye.

Kuna jambo la bahasha, nalitaja kwa ufupi kwa sababu mtalikuta. Mkiwaita waandishi wa habari watataka nauli, na wengi wao kweli hawalipwi vya kutosha. Jumuiya ilikuwa na utaratibu: nauli ni sawa kwa wote, inatiwa saini kwenye orodha, inatolewa kabla ya mkutano kuanza, na hakuna anayeulizwa habari itatoka lini. Mimi bado nauona mpaka huo mwembamba, maana anayelipiwa gari hata kwa saini huandika kwa haya. Lakini sikuona njia safi zaidi ya hiyo kwa mwandishi anayetoka Mkoani kwa pesa zake.

Nilipokuwa natetea ripoti yangu mwalimu mmoja aliniuliza suali ambalo nililitegemea: ile picha ya mikono, ilileta shilingi ngapi? Nitakujibuni kama nilivyomjibu. Yule mgeni alituandikia kwamba wenzake waliipenda, waliisifu, lakini wachangiaji hawakutoa kama wanavyotoa wakiona uso. Fedha za nauli za kipindi kile zilipungua. Kuna familia ambazo ilibidi zingoje meli ya mwezi mwingine, na nimeshakwambieni mwanzo kungoja kunafanya nini kwenye kichwa cha mtoto. Dada alilijua hilo alipokuwa anaamua. Aliniambia kwamba uso ule ukishatoka hakuna wa kuurudisha, na nauli inaweza kutafutwa kwa mlango mwingine, akachukua simu akaanza kuwapigia wenye maduka mmoja mmoja. Wengine walitoa, wengine walisema mpaka Ramadhani. Mimi mpaka leo siku nyingine naona aliamua sawa, siku nyingine nawakumbuka wale waliongoja. Katika kundi lenu wapo watakaosema wangeipiga ile picha, na ningependa kuwasikia wakitoa hoja yao, si hapa mbele ya walimu, baadaye.

Wanaotaka kwenda jumuiya ile waje kwangu tukimaliza, niwape namba ya ofisi. Wanapokea wanafunzi wawili kwa wakati mmoja, posho hakuna, nauli ya kazini wanarejesha ukileta risiti. Mtu wa Unguja asiye na jamaa Pemba atafute chumba Chake mapema, kabla ya msimu wa karafuu, maana wachumaji wakishaingia vyumba vinapanda bei. Na mchukue viatu vya kutembelea. Ahsanteni.